Kifaransa cha Mgodini

Mwanangu Deo,

Sianzi kwa kuuliza kama u mzima, maana nakusikia hapo uani unacheka na mama yako. Mnalifungua tena lile sanduku la bati kwa kuwa amekumbuka kitu kingine. Mambo ya blanketi, ya kwinini, na ya watu wa kujihadhari nao ndani ya meli ya Kigoma, ameyamaliza yeye. Mimi nimekaa huku mbele, karakanani, jua bado halijazama, naandika juu ya ubao ninaozibia mipira ya baiskeli. Ukiona doa la gundi kwenye karatasi, usishangae.

Kuna neno sikuweza kukuambia kwa mdomo, ingawa nilijaribu jana tulipokuwa tunakunywa chai, ukaniuliza, "Baba, ulitaka kusema nini?" nikakujibu kwamba chai haina sukari. Neno lenyewe ni hili: nakuonea wivu. Nakuonea wivu wewe, mtoto wangu niliyekubeba mabegani kwenda kisimani. Nauonea wivu hata ule mkanda mpya ulioufunga kwenye sanduku. Kabla hujapanda lori la Isaka kesho nataka ujue wivu huu ulikotoka, usije ukaukuta mbele ya safari ukadhani ni chuki.

Habari za ujana wangu umezisikia vipande vipande, nyingine kwa mama yako ambaye hakuwapo. Mimi na Anselmi tulikaa benchi moja katika shule ya misheni kule Ushirombo. Yeye mtoto wa mjane, mimi mtoto wa katekista. Mapadre wa siku zile walikuwa wakisemezana Kifaransa mezani na bustanini, na mmoja wao, mzee wa ndevu za kufika kifuani, akatuchagua sisi wawili tubaki jioni atufundishe lugha hiyo, kwa kuwa alitaka kutupeleka seminari. Anselmi alikuwa na kichwa cha kushika vitenzi. Akivisikia leo, kesho anavyo vyote. Mimi nilikuwa na ulimi. Nikisoma kwa sauti, yule mzee alifumba macho. Siku moja alisema kwamba akinisikiliza huwa kama yuko jikoni kwa mama yake, Ulaya. Aliniambia mimi, hakumwambia Anselmi, na nililitembeza neno lile kijiji kizima.

Kisha mjomba wangu akaja kutoka Geita. Alikuwa na koti, alikuwa na kofia, na alikuwa amepanda baiskeli ambayo kengele yake ilisikika kabla hajaonekana. Usiku huohuo nilikwishaamua. Nikamwendea Padre nikamwomba ruhusa ya msimu mmoja tu, nikachimbe dhahabu, nirudi na baiskeli yangu.

Akasema, "Nenda, Kasimiri. Lakini seminari haitasimama mlangoni inakungoja."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Anselmi alinisindikiza hadi mtoni, akaniuliza tu kama ningerudi kabla ya Krismasi. Nikamwambia ndiyo.

Miaka mingi niliwaeleza watu kwamba ilikuwa shida ya nyumbani iliyonitoa shule. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akinikata kauli mbele ya wageni? "Ilikuwa baiskeli," husema, huku anawamiminia uji. Ni kweli. Ilikuwa baiskeli.

Mgodini nilikuta kitu nisichokitarajia. Mnyapara wa shimo letu alikuwa Mmorisi, mtu wa kisiwa cha Morisi, mfupi, mwenye hasira, jina lake Lui. Kiswahili hakukijua, Kiingereza alikichukia, na Kifaransa ndicho alichozaliwa nacho. Siku aliponisikia nimemjibu, alinitoa kwenye toroli la mawe akaniweka karibu naye niwe mkalimani. Tangu hapo sikushika sururu tena. Kulikuwa na Wasukuma, Wazinza, Waha, Wanyamwezi, Waislamu kwa Wakristo, na wote walikuwa wakiitazama midomo yangu kujua baruti italipuliwa lini. Nilijiona mtu mkubwa. Nilifikiri Anselmi anakariri vitenzi gizani huko seminari, na mimi Kifaransa changu kinafanya kazi.

Zamu ikiisha, Bwana Lui alipiga kelele, "Alé, futelekan!" na watu wakaweka vyombo chini wakapanda juu. Neno hilo Padre hakuwa amenifundisha. Nikalipima kwa jinsi nilivyoona: linasemwa kazi inapoisha, na watu wanakwenda makwao. Kwa hiyo nikalitafsiri, "Nendeni nyumbani kwa amani." Kila siku nililitafsiri hivyo, na watu wakampenda Bwana Lui kwa sababu ya neno hilo. Walisema ana mdomo mchafu mchana kutwa, lakini jioni anabariki.

Sasa habari za Anselmi zikaanza kuja. Kwanza amepata upadre. Halafu Askofu amempeleka Ulaya kusoma. Wakati wa vita vya Hitla habari zake zikakatika kabisa, na watu wa Ushirombo walimwombea misa. Mimi nilikwenda misani, nikapiga magoti pamoja nao, na ndani yangu kulikuwa kumetulia. Sikumwombea afe. Ila kulikuwa kumetulia, kama mtu aliyetua mzigo.

Vita vikaisha, habari zikarudi kubwa kuliko mwanzo. Yu hai. Ameandika kitabu kizima juu ya washairi wa Kifaransa, na wazee wa chuo kikuu walimkalisha mbele yao wakamhoji asubuhi nzima, naye akawajibu. Wamempa kazi ya kufundisha. Mtoto wa mjane wa Ushirombo anawafundisha Wazungu Kifaransa, kwao! Jumapili hiyo watu walisimama nje ya kanisa hawataki kwenda nyumbani. Mimi nikasema, "Bila shaka anafundisha watoto wadogo, herufi."

Mama yako alinisikia. Njiani akaniuliza, "Baba Deo, kwa nini akitajwa mtu huyu unatafuta tundu?"

"Tundu gani?"

"La kumtoboa."

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha mgodi kwa sababu ya kifua, tumehamia hapa Nyasubi, Kahama, na wewe unaanza kusema. Unadhani nilianza kukufundisha Kifaransa kwa kukupenda? Nilikupenda, ndiyo. Lakini kila neno nililokuwa nakutamkisha hapa karakanani, gurudumu, mnyororo, mafuta, nilikuwa namtamkia Anselmi. Nilitaka siku moja uje umpite, na mimi niwe nimesimama karibu naona. Ulikuwa mtoto mtiifu, ukidhani baba anakuchezesha. Ulipoanza kunisahihisha, ukiwa umevaa kaptura ya shule ya misheni, nilicheka mbele yako, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo. Mama yako aliiona ndoo.

Haya, sasa tufike kwenye msiba, kwa kuwa hatujawahi kuuzungumza.

Ilipokuja habari kwamba Anselmi yuko likizo Ushirombo, kwamba sasa ni profesa wa Kifaransa katika chuo kikuu kipya cha Kongo, na kwamba mama yake amefia mikononi mwake, nilikuambia twende kumpa pole. Tulipanda lori la pamba. Njia nzima nilikuwa natengeneza sentensi kichwani. Uliniuliza mbona sisemi, nikakuambia vumbi. Nilitaka mapadre wote wanisikie. Nilitaka Anselmi ajue kwamba ule ulimi bado upo.

Tulikuta watu wengi kaburini. Nilimtambua kwa mabega tu, kichwa kilikuwa cheupe. Nikasogea mbele, nikavua kofia, nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ile niliyokuwa nasomea zamani, "Ndugu yangu, usilie, mama yako amekwisha..." na hapo nikatia neno langu zuri kuliko yote, neno la Bwana Lui la kuwaaga watu kwa amani.

Padre mmoja Mzungu akatazama chini. Mwingine akakohoa. Wewe ulicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, ukakimeza, lakini nilikisikia.

Anselmi hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanijibu kwa Kisumbwa, lugha ya mama yake, "Amefika kwake, Kasimiri. Asante kwa kuja." Na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika. Nilitoa Kifaransa mbele ya umati, naye akanirudishia lugha ya nyumbani, kama mtu anayemrudishia mtoto ganda la ndizi. Ndivyo nilivyoliona.

Kisha akakusalimu wewe. "Shikamoo, Padre," ukasema, naye akaitikia marahaba, akakuuliza kitu kwa Kifaransa, ukamjibu. Akakuuliza kingine. Nikauona uso wake unabadilika, mtu aliyetoka kumzika mama yake, uso ukaanza kuwaka. Mlikwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa, mkaongea mpaka vivuli vikageuka. Mimi nilisimama upande wa pili na kofia yangu, kama mpishi anayengoja sahani zitoke mezani. Nilikuwa nashika neno hapa na neno pale. Mengi yalinipita. Wewe ulikuwa unatikisa mikono unapoongea. Nyumbani hujawahi kutikisa mikono.

Tukiwa juu ya lori nikakuuliza, "Nilisema nini?"

Ukageukia barabara.

"Deo, nimekuuliza. Nilisema nini pale kaburini?"

Ukasema bila kunitazama, "Baba, neno lile ni la kumfukuza mtu. La matusi. Ni kama kusema, potelea mbali."

Fikiria. Miaka yote ile mgodini, Bwana Lui alikuwa akitufukuza kama mbwa, nami nikiwabariki watu kwa niaba yake. Leo naweza kucheka. Siku ile nilikuambia, "Kuanzia leo Kifaransa kisisikike nyumbani kwangu," na ukajibu, "Ndiyo, Baba," na vitabu vyako ukavipeleka kwa mwalimu wenu. Hukunibishia. Ungenibishia ingekuwa nafuu.

Wiki chache baadaye Anselmi alipita Kahama, akienda Isaka kupanda gari moshi arudi kazini. Wewe ulikuwa shuleni. Alikuja hapa kwa miguu kutoka parokia, amekunja kanzu isishike vumbi, akakaa juu ya kreti ile wanayokalia wateja.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

Mama yako akamletea maji, akamsalimu "mhola" kwa Kisukuma chake cha Samuye, akaingia ndani, ila hakwenda mbali na mlango.

Nikamwuliza kazi yake ikoje. Nilitaka asifu, nimchukie vizuri. Akaniambia habari ambazo sikuzitegemea. Kwamba huko Ulaya, siku ya kwanza alipoingia darasani, vijana walidhani amekuja kuwasha jiko la makaa. Alipopanda jukwaani, baadhi walibeba vitabu vyao wakatoka. Kwamba baba wa mwanafunzi mmoja alidai insha ya mwanawe isahihishwe upya na mwalimu mwingine. Kwamba yeye aliyeandika juu ya washairi aliwekwa kwa muda mrefu kufundisha imla tu na alama za kituo, na akiomba darasa la fasihi anaambiwa asubiri. Alipata darasa hilo alipokwenda Kongo, nywele zimeshakuwa nyeupe.

Mwanangu, nilifurahi. Alivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufurahi. Nilikuwa nageuza gurudumu mkononi ili asinione.

Akaniona. "Umefurahi," akasema.

"Kidogo."

Alitikisa kichwa. "Kasimiri, mimi nilikunyang'anya nini? Ulikwenda mwenyewe. Nilikaa upande mmoja wa benchi mpaka Krismasi. Padre akawa ananiambia nikae katikati, nakataa. Nilisema utarudi."

Angenilaumu ningejua la kufanya. Ndipo akasema alilokuja kulisema: kwamba ukimaliza masomo angependa kukuombea nafasi katika chuo chake, usome Kifaransa, na kwa jinsi alivyokusikia, siku moja unaweza kufundisha pale yeye akistaafu. "Nipe huyu kijana," akasema.

Nikamwambia, "Zaa wako."

Nilimwambia padre. Nilimwambia mtu ambaye ametoka kumzika mama yake na hana mtu mwingine duniani. Aliweka bilauri chini taratibu, akaniaga, akaondoka na kanzu yake, safari hii hakuikunja.

Mama yako akatoka. Nilitegemea anigombeze. Alichukua ile bilauri akamwaga maji yaliyobaki, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unamwonea wivu Padre, au unamwonea wivu mwanao?"

Nikamwambia aende jikoni. Hakwenda. Alisimama pale akiningoja, unamjua. Na kadiri alivyosimama ndivyo nilivyojiona. Anselmi nilikuwa nimemzoea, wivu juu yake nilikuwa nao kama hiki kikohozi. Uliokuwa unaniuma tangu zile ngazi za kanisa ulikuwa wivu juu yako wewe. Wewe ulikuwa na ulimi wangu, na kichwa cha Anselmi, na hapakuwa na baiskeli yoyote iliyokuwa inakuita.

Nikavaa shati, nikamfuata parokia. Nilimkuta kibarazani anasali kwa kitabu. Nilipiga magoti, akanikataza, akanivutia kiti. Nikamwambia, "Nisamehe lile neno." Akasema limekwisha. Nikamwambia, "Na mchukue Deo." Akaitikia kwa kichwa tu, nadhani hakuiamini sauti yake.

Nilikuwa nimekuja na jambo jingine, gumu kuliko hayo. Nikamwambia, "Nifundishe ile sentensi. Ya kumpa mtu pole. Nitamke sawasawa."

Akafunga kitabu chake. Alinisemea polepole, nikaifuata. Akanisimamisha. Nikarudia. Alikuwa mkali, Deo! Hakunihurumia hata kidogo. Alinirudisha kwenye silabi moja mpaka taya likauma, na aliponisahihisha hakutabasamu, na mimi sikuona haya. Nilipoipata yote, niliisema mara moja bila kusita, nikimtazama, kwa ajili ya mama yake. Ndipo profesa akalia. Kaburini hakuwa amelia.

Hivyo ndivyo ulivyopata safari hii. Uliporudi likizo ukakuta vitabu vyako mezani, ukaniuliza, nikasema mwalimu wenu hana nafasi ya kuviweka.

Nisikudanganye kwamba wivu umekwisha. Kesho utakwenda kukaa kwa mtu ambaye atayajua mawazo yako kwa lugha nisiyoifikia. Atakusikia ukitikisa mikono. Ukifanya vizuri yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kufurahi, nami nitafurahi barua ikifika. Mheshimu, mtumikie, mpikie akiugua. Ila mwite Padre. Najua Padre maana yake ni baba, Kilatini kidogo nilisoma. Kwa hilo sina la kufanya.

Na wewe utakuwa na Anselmi wa kwako. Kwenye benchi atakaa mtu pembeni yako, atakushinda, na utatafuta tundu. Mimi nilichelewa mno kumwambia mwenzangu, "Nisahihishe." Ungeniona nilivyokuwa mwepesi njiani kutoka parokia jioni ile, ungedhani nimekunywa. Ningeweza kuwa mwepesi hivyo tangu ujana. Hicho ndicho ninachokijutia kuliko seminari.

Mama yako ameita chakula, na sauti yako imeita pia. Nakuja. Kesho nitakusindikiza mpaka Isaka. Nikiwa kimya pale stesheni usinisemeshe, na usidhani nimenuna. Nitakuwa nalitazama lile behewa, na miguu yangu itakuwa inataka kupanda.

Panda wewe.

Baba yako,
Kasimiri